Spreyi ya pilipili na tochi ya shoti: je, ni kweli havina madhara?

*"Shikamoo Daktari. Nina kibanda cha uwakala wa pesa karibu na stendi hapa Moshi. Nafunga saa tatu usiku na kutembea kwa miguu hadi Pasua. Hivi karibuni jirani yangu wa kibanda alikabwa njiani, wakachukua mkoba na simu. Kaka yangu alipotoka Dar akaniletea vitu viwili: kichupa cha spreyi ya pilipili na tochi ya shoti iliyoandikwa volti milioni nane. Muuzaji alimhakikishia kwamba havina madhara kabisa, vinamlegeza mtu dakika chache kisha anarudi kawaida. Mimi nina pumu tangu utotoni, natumia inhela ya bluu kifua kinapobana. Nyumbani naishi na mama ambaye ana presha, na mwanangu wa miaka mitatu. Nibebe kipi? Ikinirudia mwenyewe itakuwaje? Na ni kweli maziwa yanaondoa pilipili machoni?"*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa hofu unayotembea nayo kila usiku. Nashukuru umeuliza kabla hujavitumia, maana huku kitengo cha dharura hapa Arusha wengi wanatufikia baada ya kutumia. Nianze na jibu, maelezo yafuate. Muuzaji hakusema kweli. Spreyi unaweza kuibeba kwa masharti, na kwa mtu mwenye pumu masharti hayo ni mazito. Tochi ya shoti ningependa usiibebe kabisa.

Silaha za aina hii zimebuniwa zisiue mtu mwenye afya, akiwa umbali unaofaa, mahali pa wazi, kwa muda mfupi. Ukitoa sharti moja tu hapo, mambo yanabadilika. Mwaka 2017 watafiti walikusanya pamoja tafiti zilizokwishafanyika kuhusu watu walioumizwa na risasi za mpira na za plastiki kwenye maandamano na ghasia. Kati ya majeruhi 1,984, watu 53 walikufa na 300 walibaki na ulemavu wa kudumu, upofu ukiwamo. Mapitio ya namna hiyohiyo yaliyotoka mwaka huo kuhusu mabomu ya machozi na spreyi ya pilipili yalihesabu watu 5,131 walioumia. Wawili walikufa na 58 walipata ulemavu wa kudumu. Utaona kwamba pilipili iko mbali sana na risasi ya mpira kwa ukali. Hata hivyo, kusema haina madhara kabisa ni kumdanganya mteja.

Pilipili inafanyaje kazi? Ndani ya pilipili mna kemikali iitwayo kapsaisini. Kwenye neva za ngozi, macho, pua na njia za hewa kuna vipokezi vidogo ambavyo kazi yake ni kuutaarifu ubongo kwamba kuna moto. Kwa kawaida vinafunguka joto linapofika nyuzi 43 hivi. Kapsaisini inavifungua bila joto lolote, na ubongo unapokea taarifa kwamba uso unaungua. Mwanasayansi David Julius wa Marekani, ambaye maabara yake ilikitambua kipokezi hicho mwaka 1997, alikuwa mmoja wa washindi wawili wa Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 2021 kwa kazi ya namna hiyo. (Ndege hawasikii ukali huu kabisa, ndiyo maana wanakula pilipili kichaa shambani bila shida. Tembo wanausikia sana, na wakulima wanaopakana na hifadhi hutumia kamba zilizopakwa pilipili kuwazuia wasiingie shambani.)

Nimekueleza hivyo kwa sababu mambo mengi ya kufanya na kutofanya yanatoka hapohapo. Aliyepulizwa anafumba macho bila hiari, machozi na kamasi vinamtoka, anakohoa, ngozi inawaka. Kwa mtu mzima mwenye afya hali hiyo huanza kutulia ndani ya nusu saa hadi saa moja, na hakuna kilichoungua kweli. Madhara ya kudumu huja kwa njia nyingine. Ya kwanza ni jicho kupigwa na ule mkondo wenyewe: dawa inatoka kwa shinikizo, na ukimpulizia mtu usoni kwa umbali usiofika mita moja, nguvu ya mchirizi inaweza kuchubua konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho. Aliyepulizwa naye anasugua macho kwa vidole vyenye pilipili na kuuchubua zaidi. Njia ya pili ni pumzi, na hapa ndipo wewe unapohusika.

Vipokezi vile vipo pia ndani ya njia za hewa. Zikiguswa na pilipili zinabana, zinavimba na kutoa makohozi. Kwa mtu asiye na pumu hiyo ni kero ya dakika kadhaa. Kwako, njia ambazo tayari ni nyepesi kukasirika zinaweza kufunga kiasi cha kuhatarisha maisha. Na spreyi hurudi kwa aliyeipuliza kwa urahisi kuliko watu wanavyodhani. Upepo kidogo tu wa kukujia usoni unatosha. Na kama mtu amekukaba kwa nyuma, mkono wake shingoni mwako, uso wako na wake viko ndani ya wingu lilelile, ila wewe ndiye uliyebanwa koo na ndiye mwenye pumu.

Mahali pasipopitisha hewa usiipulize kamwe: ndani ya kibanda chako, ndani ya bajaji yenye turubai, ndani ya daladala. Mwaka 2013 karibu na Cairo, watu 37 waliokuwa wamefungiwa ndani ya gari la polisi walikufa baada ya gesi ya machozi kurushwa humo. Gesi ya machozi ni kemikali tofauti na pilipili. Kwa kweli ni unga laini unaorushwa hewani, na hugusa kipokezi kingine cha maumivu. Lakini kanuni ya hewa ni moja: nje unatawanyika, ndani unajazana. Pia watu hukimbia. Mei 9, 2001, polisi walifyatua mabomu ya machozi ndani ya uwanja wa mpira wa Accra, mashabiki wakakimbilia milango iliyofungwa, na watu 126 wakapoteza maisha. Hebu fikiria Coaster iliyojaa ikitoka stendi, kisha mtu mmoja abonyeze kichupa kwa hasira ya nauli.

Ukiamua kuibeba, basi shughulikia pumu kwanza. Umesema unatumia inhela ya bluu pale kifua kinapobana. Inhela hiyo inafungua njia za hewa kwa saa chache tu, haitibu uvimbe wa ndani. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu haushauri tena mtu mzima kutegemea ya bluu peke yake. Nenda KCMC, Mawenzi au kituo cha afya kilicho karibu, waeleze ni mara ngapi unaitumia na kama unaamka usiku ukikohoa, uulizie dawa ya kuvuta yenye steroidi, ile inayotuliza uvimbe huo. Hili lingekufaa hata kama usingekuwa na kichupa chochote mkobani. Inhela ikae mfukoni mwa nguo, isikae ndani ya mkoba, kwa sababu mkoba ndio wanaoupora.

Sasa tochi. Chukua rula upime nafasi iliyopo kati ya vile vichuma viwili ambapo cheche inaruka. Kwa tochi nyingi za namna hiyo utakuta kama sentimita mbili. Ili cheche iruke milimita moja hewani inahitaji takriban volti 3,000. Sentimita mbili ni volti 60,000 hivi. Volti milioni nane zingerusha cheche zaidi ya mita mbili na nusu, yaani ingekupiga wewe mwenyewe kabla hujamfikia mwizi. Kwa hiyo namba iliyoandikwa kwenye boksi ni uongo mtupu, na mtengenezaji aliyedanganya kwenye boksi sina sababu ya kumwamini kwenye nyaya za ndani. Nyingi huchajiwa kwa plagi iliyojengewa humohumo, insulesheni yake hafifu.

Lakini hata ingekuwa imetengenezwa vizuri, isingefanya unachotaka. Watu wanaichanganya na ile bastola ya umeme ya polisi wa nje, inayorusha vishale viwili vyenye nyaya. Vishale vile vikitua mwilini vimeachana vya kutosha, umeme unapita kwenye misuli mingi iliyo kati yake na kuikakamaza yote, mtu anaanguka. Tochi yako ina vichuma vilivyokaribiana sana, umeme unapita juujuu kwenye ngozi na misuli kidogo. Inauma, lakini haimlazi mtu. Aliyelewa, au aliyevaa jaketi zito kama tunavyovaa huku Juni na Julai, anaweza asitikisike. Ili uitumie lazima umguse na uendelee kumgandamiza, na hapo naye anakufikia. Anakunyang'anya, na sasa shoti iko mkononi mwake.

Madhara yake pia si madogo. Kinachoumiza moyo ni kiasi cha mkondo, muda unaopita na njia unayopita mwilini. Volti peke yake hazikuambii. Hata zile za polisi, zilizopimwa maabara, zimehusishwa na visa vichache vya moyo kusimama, na mwaka 2009 mtengenezaji wake mkuu aliwaelekeza askari wasilenge kifua. Kinachojitokeza zaidi ni mtu kuanguka bila uwezo wa kujikinga kwa mikono, kichwa kikafikia kingo ya mtaro au lami. Na wewe una vyote viwili, kwa hiyo nisisitize hili: baadhi ya spreyi hutumia alkoholi au gesi inayowaka. Ukimpulizia mtu kisha ukaleta cheche ya umeme, nguo zinaweza kushika moto. Usivitumie pamoja, hata kwa majaribio.

Kuhusu maziwa. Mwaka 2008 kulitoka jaribio lililofanywa vizuri. Watu waliopakwa pilipili usoni waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine maziwa, wengine shampuu ya watoto, wengine dawa ya kiungulia ya maji, wengine jeli ya ganzi, wengine maji ya kawaida. Katika kutuliza maumivu, hakuna kilichoshinda maji kwa tofauti ya maana. Kilichowasaidia ni muda kupita. Maziwa ya mgando au yaliyokamuliwa asubuhi yana vijidudu, na kuyaweka kwenye jicho lililochubuka ni kutafuta maambukizi. Tumia maji.

Ikikurudia, fanya hivi. Ondoka kwenye wingu, nenda upande upepo unakotoka. Usisugue. Pepesa macho kwa kasi ili machozi yasafishe. Ukifika kwenye bomba, inamisha kichwa upande mmoja, jicho lenye pilipili liwe chini ili maji yasipeleke pilipili kwenye jicho la pili, vuta kope ya chini kwa kidole kilichooshwa, na acha maji yatiririke kutoka pembe ya pua kwenda nje kwa dakika 10 hadi 15. Maji yawe ya baridi. Ukikumbuka vile vipokezi vya joto utaelewa kwa nini maji ya moto yanaongeza kuwaka. Vua khanga, mtandio au blauzi iliyolowa, uitie kwenye mfuko wa plastiki. Ngozi ioshe kwa sabuni nyingi, maana pilipili ni mafuta na maji peke yake hayaing'oi. Usipake Vaseline wala mafuta ya nazi, yanaishikilia palepale. Kifua kikianza kubana, kaa wima, vuta inhela ya bluu mara nne, moja baada ya nyingine kwa utulivu, ukiwa na spesa (ile chupa ya plastiki inayounganishwa na inhela) ni bora zaidi, subiri dakika nne, rudia. Kama bado huwezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, hiyo ni hospitali, tena usiku uleule, huku ukiendelea kuvuta njiani.

Nyumbani, mtoto wa miaka mitatu ndiye ninayemwogopea kuliko wote. Kichupa kina rangi, kinabonyezeka, na kinafanana na manukato ya mama. Kikae juu kabisa, ndani ya kitu kinachofungwa kwa ufunguo, siyo kwenye mkoba ulioning'inizwa mlangoni. Kisikae karibu na jiko wala kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani, kwa sababu makopo ya shinikizo hayapaswi kuzidi nyuzi 50. Angalia tarehe ya mwisho: baada ya miaka michache gesi inavuja, na siku ya siku kinatoa matone tu. Bibi naye ajue ni nini, ili asije akadhani ni dawa ya mbu. Ukipanda ndege pale KIA, kichupa hakiruhusiwi ndani ya ndege, si mkononi wala kwenye begi la chini. Na usijaribu kutengeneza ya kwako kwa kusaga pilipili. Mabaki yake yanaziba tundu, na yakitoka yanaingia jichoni na uchafu wote.

Kuna jambo ambalo hakuna boksi linaloliandika. Hapa kwetu hatari kubwa kwa aliyepulizwa inaweza kuwa sisi wenyewe. Mtu amepofuka kwa dakika 20, hawezi kukimbia wala kujieleza, na wewe umepiga kelele ya "mwizi!" Baada ya muda mfupi wanafika wananchi wenye hasira kali na mawe na matairi. Nimewapokea watu wa namna hiyo. Baadhi hawakuwa wezi. Mmoja alikuwa kijana aliyekuja kuamulia ugomvi, akapulizwa yeye, akadhaniwa ndiye. Piga kelele ya kuomba msaada, ita majina ya watu unaowafahamu njia hiyo, piga filimbi, lakini neno hilo liogope. Aliyepulizwa akiwa amekamatwa, asilazwe kifudifudi na kukaliwa mgongoni. Mtu ambaye pumzi yake tayari imebanwa anaweza kufa hapohapo. Aketishwe, apewe hewa, na polisi waitwe kwa 112.

Kisheria, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inakupa haki ya kujitetea kwa nguvu inayolingana na hatari iliyokukabili. Kumpulizia aliyekushika ni jambo moja. Kumfuata aliyekwisha kukimbia, au mteja aliyekutukana dirishani, ni shambulio, na utajibu. Kabla hujaanza kutembea na kichupa hicho, peleka picha yake kituo cha polisi ukaulize kuhusu kukimiliki na kukibeba, upate jibu kutoka kwao.

Sasa nikuambie kwa dhati ninavyoona mimi. Kwa ukabaji wa aina iliyompata jirani yako, mtu huja kwa nyuma, na kama ni wa pikipiki anakwapua mkoba na kuondoka kabla hujaingiza mkono mfukoni. Spreyi haitakusaidia hapo. Itakusaidia pale unapomwona mtu anakuja kwa mbele, kuna nafasi ya mita mbili au tatu, upepo unatoka nyuma yako, kichupa tayari kiko kiganjani na njia ya kukimbilia ipo. Katika hali hiyo unabonyeza kwa sekunde moja au mbili, unapiga hatua upande na kukimbia, husimami kuangalia matokeo. Hali hiyo hutokea, kwa hiyo sikukatazi. Lakini fedha na juhudi zako ningeziweka kwanza kwenye kutotembea na floti, yaani pesa za uwakala, usiku, kufunga mapema kidogo pamoja na vibanda vya jirani ili muondoke kundi, kuwa na bodaboda mmoja mnayefahamiana naye kijiweni, na kumwona mwenyekiti wa mtaa kuhusu ulinzi shirikishi kwenye kile kipande chenye giza. Na wakikuzidi, wape mkoba. Mtaji hurudi.

Nenda hospitali bila kusubiri kama wewe au mtu mwingine amepulizwa na, baada ya saa moja ya kuosha na kupumzika, jicho bado linauma, linaona ukungu au haliwezi kuvumilia mwanga. Vivyo hivyo kifua kikilia mluzi, midomo ikibadilika rangi, mtu akipoteza fahamu hata kwa sekunde chache, akilalamika maumivu ya kifua, au akiwa ameanguka na kugonga kichwa. Mtoto mdogo, mjamzito na mwenye ugonjwa wa moyo au presha kama mama yako wasisubiri hiyo saa moja. Ikiwa umeshambuliwa utahitaji PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, lakini ndugu anaweza kuifuata kituoni wakati wewe unahudumiwa.

Ile tochi usimpe mtu mwingine aitumie, wala usiiache nyumbani kama tochi ya kawaida ya umeme unapokatika, kwa sababu mwanao ataishika. Mpe fundi wa umeme unayemwamini aitoe betri na kukata nyaya za shoti mbele yako.